Watafiti na Wapima Vihatarishi wa Nachingwea na Ruangwa

Nachingwea na Ruangwa ni wilaya jirani za Mkoa wa Lindi, kati ya bonde la Lukuledi upande wa kusini na Mto Mbwemkuru upande wa kaskazini. Wenyeji wengi ni Wamwera, wakiishi pamoja na Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wangindo. Mvua hunyesha msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei, na wastani wake mjini Nachingwea ni kati ya milimita 800 na 900 kwa mwaka. Wastani huo si mbaya, lakini hakuna anayelima kwa mvua ya wastani. Mkulima hulima kwa mvua ya mwaka uliopo, na mvua hiyo huweza kuchelewa, au kuanza vizuri kisha ikakatika Januari kwa wiki mbili tatu, ikarudi wakati karanga zimeshanyauka. Utafiti wa kilimo wa kisasa ulifika katika nchi hii mwaka 1947 kwa kishindo ambacho hakijapata kurudiwa. Tangu hapo watafiti wake wamehama polepole kutoka swali la mmea unazaa kiasi gani hadi swali la ni mara ngapi hautazaa, na hasara hiyo ataibeba nani.

Kabla ya watafiti, hesabu hiyo ilifanywa na wakulima wenyewe. Mmwera alichanganya mtama, kunde, mbaazi na karanga katika shamba moja, na mihogo akaiacha ardhini kama akiba ya mwaka wa pili. Shamba la namna hiyo halitoi mavuno makubwa ya zao lolote. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba mazao yote hayaharibiki kwa pamoja. Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907 vilipita humu, na njaa iliyofuata baada ya majeshi ya Wajerumani kuharibu mashamba na vyakula iliwafunza waliopona thamani ya mzizi uliofichwa chini ya udongo. Maofisa wa kilimo wa kikoloni waliokuja baadaye waliona mashamba hayo ni vurugu tupu. Kwa kipimo cha magunia kwa ekari walikuwa sahihi, ila mwenye shamba alikuwa na kipimo chake.

Mradi mkubwa wa karanga ulianzia mbali na mashamba hayo. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa kampuni ya United Africa iliyokuwa mali ya Unilever, alipendekeza karanga zilimwe kwa mashine Afrika Mashariki. Serikali ya Uingereza ilituma ujumbe wa watu watatu: John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, David Martin na John Rosa. Walizunguka Afrika kwa wiki tisa hivi, sehemu kubwa wakiitazama nchi kutoka angani. Ripoti yao ilikuwa na tarakimu zilizonyooka: mashamba 107, kila moja ekari 30,000, jumla ekari milioni 3.21. Tanganyika ilipewa 80 kati ya hayo, na 55 yalipangwa Jimbo la Kusini, yaani Nachingwea na majirani zake. Gharama ilikadiriwa kuwa pauni milioni 24, na mavuno ya mwaka mradi ukikamilika kuwa tani 600,000. Waziri wa Chakula, John Strachey, aliupeleka mpango huo bungeni mwanzoni mwa mwaka 1947.

Mara nyingi husemwa kwamba mradi ulishindwa kwa sababu haukuwa na sayansi. Kauli hiyo haitoshi. Ujuzi kuhusu karanga Tanganyika ulikuwapo, na mwingine ulikuwa wa siku nyingi. Ugonjwa wa rozeti, ambao hudumaza mmea na kuukunja majani, ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1907 na Albrecht Zimmermann, mtaalamu wa mimea wa Kijerumani katika kituo cha Amani, milima ya Usambara. Mwaka 1928 H. H. Storey na A. M. Bottomley walionyesha huko Afrika Kusini kwamba ugonjwa huo huenezwa na vidukari, na Storey mwenyewe akaja kufanya kazi Amani kwa miaka mingi. Ilijulikana pia kwamba mvua za Kongwa, mkoani Dodoma, ambako mradi ulianzia, haziaminiki. Wagogo, wenyeji wa huko, walilijua hilo bila kipimo cha mvua. Mradi wenyewe ulikuwa na idara ya sayansi chini ya A. H. Bunting, mzaliwa wa Afrika Kusini, ambaye watu wake walichunguza udongo, magonjwa na nafasi za kupanda. Na mwaka 1948 uliajiri mshauri mkuu wa kilimo, John Phillips, profesa wa botania wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1920 alikuwa mtafiti wa mbung'o Kondoa chini ya C. F. M. Swynnerton. Watu wa namna hiyo si wajinga wa Afrika.

Kilichokosekana ni njia ya ujuzi huo kufika kwenye uamuzi kabla fedha hazijatumika. Hakukuwa na shamba dogo la majaribio la kuonyesha, kwa misimu michache, kama makadirio ya Wakefield yangesimama. Mtafiti alikuja nyuma ya katapila. Alipogundua kwamba udongo wa Kongwa hukauka ukawa mgumu kama saruji na kula majembe ya trekta, mashine zilikuwa zimeshanunuliwa, nyingine zikiwa masalia ya majeshi ya Marekani kutoka Ufilipino, na nyingine vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Lengo la kwanza lilikuwa kufyeka ekari 150,000. Zilizopandwa msimu huo hazikufika 10,000. Hata uhusiano wa kalenda na ugonjwa ulipuuzwa: karanga zilizochelewa kupandwa na kuachwa zikiwa zimetawanyika hushikwa zaidi na rozeti, kwa hiyo kila mwezi wa kuchelewa kufyeka ulikuwa pia mwezi wa kuongeza ugonjwa. Taarifa mbili hizo zilikuwa katika ofisi mbili, ya wahandisi na ya watafiti.

Nachingwea ilikuwa na shida ya aina yake. Udongo wake na mvua zake ni bora kuliko za Kongwa, ndiyo maana ilipewa sehemu kubwa ya mpango. Lakini ilikuwa msitu usio na reli wala bandari ya maana, na vyote viwili vililazimika kujengwa kwanza: reli kutoka Mkwaya, kwenye hori la Lindi, na baadaye bandari ya kina kirefu Mtwara. Mradi ukaanza Kongwa kwa sababu tu reli ya kati ilipita karibu. Hapo kuna somo la vihatarishi ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka: mahali pabaya palichaguliwa kwa sababu palifikika upesi, na haraka yenyewe haikuwahi kuwekewa bei katika hesabu za mradi.

Kwa watu wa Nachingwea, mradi ulikuwa kwanza soko la kazi. Mwanahistoria wa uchumi Matteo Rizzo amechambua jinsi ulivyotikisa soko hilo kusini mwa Tanganyika, ambako wenye mashamba ya mkonge ya Lindi nao walikuwa wakitafuta vibarua. Kutoka kwenye dawati la meneja, kibarua aliyefanya kazi miezi michache kisha akarudi kwao alikuwa kero. Ukimtazama kutoka kijijini alikuwa na akili timamu: mshahara ulinunua nguo na kulipa kodi, lakini haukuwa badala ya shamba la mihogo, kwa sababu mradi ungeweza kufungwa siku yoyote. Na ulifungwa.

Mwisho ulikuja kwa hesabu za fedha, si za mazao. Machi 1948 mradi ulihamishwa kutoka kampuni ya United Africa kwenda Shirika la Chakula la Ng'ambo, chini ya mwenyekiti Leslie Plummer. Wakaguzi wa shirika hilo walikataa kuthibitisha hesabu za mwaka wa kwanza bila masharti, kwa sababu vitabu havikutunzwa ipasavyo. Novemba 1949 Wakefield na Rosa, waliokuwa wajumbe wa bodi, waliondolewa. Januari 1951 serikali ilifuta deni la pauni milioni 36 na zaidi. Alan Wood, aliyekuwa mkuu wa habari wa shirika, alikuwa ameshaandika kitabu kuhusu kisa hicho mwaka uliotangulia. Kumwondoa Wakefield kulimaliza hasira za bunge, ila kuliacha swali palepale: mtu mmoja alikuwa mtafiti, mtetezi na mwamuzi wa mpango uleule, na hakuna aliyelipwa kazi ya kumpinga.

Mabadiliko ya kweli yalitokea kimya kimya, katika majarida ya kitaalamu. Hadi wakati huo mvua ya Afrika Mashariki ilielezwa kwa wastani. Mwaka 1953 J. Glover na P. Robinson walitoa njia rahisi ya kukadiria uaminifu wa mvua, na mwaka uliofuata, wakiwa na Henderson, wakachapisha ramani za awali za uaminifu wa mvua za mwaka Afrika Mashariki. Uganda, kwenye kituo cha pamba cha Namulonge, H. L. Manning alifanya hesabu kama hizo kwa mvua za kila mwezi. Ramani hizi zilibadilisha swali lenyewe. Badala ya kusema mahali fulani hupata inchi 30, zilisema mahali fulani hupata angalau inchi 30 katika miaka minne kati ya mitano. Mhandisi, mweka fedha na bwana shamba wote wangeweza kuitumia kauli ya pili. Mwaka mmoja kati ya mitano ambao mvua itakosekana umo ndani ya hesabu tangu mwanzo, na ni lazima kuamua nani atalisha watu mwaka huo.

Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki, iliyofanya kazi kati ya mwaka 1953 na 1955, iliichukua lugha hiyo na kuweka ramani ya uwezekano wa mvua katika ripoti yake. Mmoja wa wajumbe wake alikuwa mchumi S. Herbert Frankel, aliyekuwa ameshaandika uchambuzi mkali wa mradi wa karanga akiutaja kama jaribio la Kongwa. Katika ripoti hiyo utafiti wa hali ya hewa na hesabu ya mtaji vilikutana ukurasa mmoja. Haikuwa taaluma mpya bado, wala hakuna aliyejiita meneja wa vihatarishi. Lakini kazi ilikuwa imeshaanza.

Nachingwea haikutelekezwa. Mpango mpya wa mwaka 1951 ulitenga pauni milioni 6 kwa miaka saba, na uligeuza mradi kuwa wa majaribio ya kufyeka na kulima kwa mashine, ukiwa chini ya Wizara ya Makoloni. Kongwa ikaelekezwa zaidi kwenye ufugaji. Aprili 1955 Shirika la Kilimo la Tanganyika lilichukua mashamba, na huko Nachingwea likaendesha mashamba ya uzalishaji pamoja na mpango wa wapangaji Waafrika, kila familia ikipewa eneo lililokwishafyekwa na kulimiwa kwa trekta la shirika. Ni katika kipindi hiki kisichosimuliwa sana ndipo kazi nzuri ilipofanyika. A. C. Evans alichapisha mwaka 1954 uchunguzi wa shambani kuhusu rozeti Tanganyika: kupanda mapema na kwa kubana hupunguza ugonjwa. Ushauri huo unaonekana mdogo, na haukuhitaji dawa wala trekta. Kwa mkulima wa jembe la mkono ulikuwa na thamani kuliko ekari 30,000. A. K. Auckland alizalisha mbegu za soya Nachingwea kwa miaka kadhaa, akipandanisha aina za kigeni ili zipate kuhimili mazingira ya kusini, na maandishi yake bado hurejewa na wazalishaji wa soya Afrika Mashariki.

Kisha akaja mchumi. R. F. Lord alikusanya kumbukumbu za mashamba ya Nachingwea na kuchapisha mwaka 1963 tathmini ya kiuchumi ya kilimo cha mashine huko. Kazi ya Lord haivutii macho: ni gharama za kufyeka kwa ekari, saa za trekta, mavuno ya msimu hadi msimu, bei. Ila ndiyo iliyokosekana mwaka 1946. Ilionyesha kwa tarakimu za miaka mingi, si za wiki tisa, kwamba mashamba hayo hayakuweza kujilipa. Mbegu nzuri inaweza kushinda katika kitalu cha majaribio na bado shamba likala hasara, kwa sababu gharama ya trekta hailingani na mwaka mbaya. Kuanzia hapo mtafiti wa Nachingwea hakuweza tena kuripoti mavuno peke yake.

Reli ilifungwa na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mashamba yenye namba yaliacha majina: Farm 17 ni mfano, na wakati wa harakati za ukombozi Nachingwea ilikuwa kituo kikuu cha mafunzo cha FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ambako Samora Machel alikuwa kiongozi. Utafiti wa kilimo nao ulihamia hatua kwa hatua Naliendele, karibu na Mtwara, kuanzia miaka ya 1970, huku Nachingwea ikibaki kituo kidogo cha majaribio. Aina za karanga zilizotolewa na Naliendele zinahifadhi kumbukumbu ya nchi hii kwa majina: Pendo ya mwaka 1998, kisha kundi la mwaka 2009 lenye Masasi, Mangaka, Mnanje na Nachingwea. Upande wa ufuta kuna Ziada 94 na Lindi 2002. Mtaalamu anayehusishwa zaidi na mazao haya ya mafuta ni Dk. Omari Mponda.

Lakini zao lililomfundisha mtafiti wa kusini hesabu ya vihatarishi kwa ukamilifu ni korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata tani 145,000 hivi. Msimu wa 1986/87 zilishuka chini ya tani 17,000. Sababu zilikuwa kadhaa na zilikuja pamoja, jambo ambalo ndilo hufanya kihatarishi kuwa kigumu: operesheni ya vijiji ya mwaka 1974 iliwahamisha watu mbali na mikorosho yao, bei ya mkulima ilikuwa ndogo, na mwishoni mwa miaka ya 1970 ukaingia ubwiriunga, kuvu inayofunika maua na majani machanga kama unga. Mtafiti aliyetazama ubwiriunga peke yake alikuwa na jibu, salfa, na jibu hilo lilifanya kazi. Watafiti wa Naliendele, miongoni mwao M. E. R. Sijaona, walilijenga kwa majaribio ya miaka mingi.

Tatizo ni kwamba salfa hununuliwa Mei au Juni na korosho huuzwa Oktoba au baadaye. Katikati kuna mkopo, bei ya dunia, na mti wenyewe, ambao ukiwa mzee na wenye kivuli kizito hauwezi kurudisha gharama ya mfuko wa salfa. Kwa hiyo utafiti ulilazimika kuuliza mti upi unastahili kupuliziwa, na mara ngapi, na lini mkulima aache. Hayo si maswali ya patholojia ya mimea. Ni maswali ya mtu anayegawa fedha kidogo kati ya madhara mengi yanayowezekana. Njia nyingine ilikuwa kubadilisha miti: Dk. Peter Masawe na wenzake walichagua mikorosho yenye kuhimili ubwiriunga, AC4 ikiwa mojawapo ya zinazojulikana, na wakulima wakashauriwa kubebesha miti yao ya zamani vikonyo vya aina mchanganyiko badala ya aina moja. Mchanganyiko huo hauzai kama aina bora kuliko zote katika mwaka mzuri. Mzee wa Kimwera wa mwaka 1940 angeuelewa bila kufafanuliwa.

Kihatarishi cha bei kilishughulikiwa na sheria. Sheria ya stakabadhi ghalani ilipitishwa mwaka 2005, na kuanzia msimu wa 2007/08 korosho zikauzwa kwa mfumo huo: mkulima anapeleka mzigo kwenye chama cha msingi, unawekwa ghala kuu, anapewa stakabadhi, na wanunuzi wanashindana mnadani. Nachingwea, Ruangwa na Liwale zina chama kikuu kimoja cha ushirika, RUNALI, jina lililotokana na herufi za mwanzo za wilaya hizo tatu. Ufuta na mbaazi ziliingizwa baadaye. Mkulima wa Likunja, kata ya Wilaya ya Ruangwa, anaposubiri mnada hushikilia kihatarishi cha wiki kadhaa ambacho zamani alikiuza papo hapo kwa mchuuzi. Baadhi hawawezi kusubiri. Kangomba, ununuzi wa korosho kwa bei ya kutupa kabla ya msimu, mara nyingi zikiwa bado mtini, hukaripiwa kila mwaka katika hotuba, na ni haramu. Hata hivyo, ukiiangalia kwa jicho baridi, kangomba ni bima ya mtu asiye na bima: anauza mavuno ya kesho ili apate unga wa leo, na ada yake ni kubwa mno. Kuipiga marufuku bila mkopo wa njaa ni kumwondolea mtu kinga mbaya na kumwacha bila yoyote.

Msimu wa 2018 ulionyesha kwamba mnada nao una mipaka. Wanunuzi walitoa bei chini ya matarajio, wakulima wakagoma kuuza, na Novemba mwaka huo Rais John Magufuli aliamuru serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likisaidia kuzisomba. Kihatarishi cha bei kilihama siku moja kutoka kwa mkulima hadi hazina. Kilirudi kwa mkulima kwa sura nyingine, ile ya malipo yaliyochelewa.

Katika ofisi za umma taaluma yenyewe ya usimamizi wa vihatarishi ilikuwa imeshapata jina na kiti. Benki Kuu ilitoa miongozo ya usimamizi wa vihatarishi kwa mabenki mwaka 2005 na kuihuisha mwaka 2010. Mwaka 2012 Wizara ya Fedha, kupitia Mkaguzi Mkuu wa Ndani, ilitoa mwongozo kwa taasisi zote za umma. Tangu hapo halmashauri, vyuo na vituo vya utafiti vinatakiwa kuwa na rejista ya vihatarishi: tukio linaloweza kutokea, uwezekano wake, ukubwa wa madhara, hatua za kulizuia, na afisa anayewajibika. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na yenye Naliendele kama kituo chake cha kusini, imo katika utaratibu huo. Mtafiti anayeingia kazi hii ana faida na kasoro. Faida ni mazoea yake ya takwimu: anajua kwamba matokeo ya kitalu kimoja si matokeo, na hutaka kuona marudio kabla ya kuamini. Kasoro ni kwamba amefundishwa kusubiri hadi shaka ipungue kufika asilimia 5, wakati mwenye kuamua anapaswa kuchagua leo akiwa na shaka ya asilimia 40. Rejista nyingi hujazwa kwa alama za moja hadi tano zisizotokana na kipimo chochote, na hapo mwanasayansi mwenye kuuliza tarakimu hiyo imetoka wapi ana thamani kuliko fomu.

Bima ya mazao inaonyesha ugumu huo vizuri kuliko chochote. Mwaka 2023 makampuni ya bima nchini yaliunda umoja wa bima ya kilimo, TAIC, ili kugawana mzigo ambao kampuni moja isingeweza kuubeba. Bima ya faharasa hulipa kwa kufuata kipimo, kama mvua ya kituo au picha ya satelaiti, bila mkaguzi kutembelea shamba. Hupunguza gharama, lakini mvua ya kusini huanguka kwa vipande: kituo kinaweza kupima mvua ya kutosha huku shamba kilomita kumi kutoka hapo likikauka, na mkulima asilipwe. Anayeweza kupunguza pengo hilo ni mtu mwenye kumbukumbu ndefu za mvua, za udongo na za mavuno ya mahali, yaani mtafiti wa vituo vya aina ya Nachingwea. Data zilizokusanywa kwa ajili ya karanga za Strachey zinaweza kuwa malighafi ya kukadiria ada za bima.

Katika miaka ya karibuni watafiti wanaoonekana zaidi Nachingwea na Ruangwa si wa mimea bali wa miamba. Ruangwa ina madini ya kinywe, ikiwemo miradi ya Lindi Jumbo na Chilalo, na Nachingwea ina nikeli ya Ntaka Hill. Wanajiolojia wa makampuni ya Australia huripoti chini ya kanuni ya JORC, iliyoanza mwaka 1989, ambayo haimruhusu mtu kusema tu kwamba madini yapo. Lazima aiweke rasilimali katika daraja mojawapo kati ya matatu, ya kukisiwa, iliyoashiriwa au iliyopimwa, kulingana na wingi wa mashimo yaliyochorongwa, na mtaalamu mwenye sifa aweke sahihi yake na kuwajibika nayo. Laiti ripoti ya Wakefield ingedaiwa daraja kama hilo, ekari milioni 3.21 zingebaki katika la chini kabisa.

Ila kanuni ya jiolojia haipimi kila kitu. Ntaka Hill ilikuwa na leseni ya uhodhi, yaani ya kushikilia eneo kabla uchimbaji haujaanza, iliyotolewa mwaka 2015. Kanuni za madini za Januari 2018 zilifuta leseni za aina hiyo, na Desemba 2019 serikali ikatangaza zabuni kwa maeneo husika. Kampuni ya Indiana Resources na washirika wake, waliokuwa na mradi huo, walifungua shauri katika kituo cha Benki ya Dunia cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji. Julai 2023 baraza la usuluhishi liliwapa fidia iliyozidi dola milioni 109 pamoja na riba. Mwaka 2024 pande mbili zilikubaliana dola milioni 90, zilipwe kwa awamu tatu: milioni 35, kisha milioni 25 kufikia mwisho wa Oktoba, na milioni 30 kufikia Machi 2025.